Timu yangu inashinda kila siku lakini haina hata kaunti moja: ramani imekosewa wapi?

«Nafuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani tangu enzi za Hasheem Thabeet. Msimu uliopita mimi na binamu yangu tulichora ile ramani ambayo kila kaunti ya Marekani inapewa chuo kilicho karibu nayo, halafu timu ikifungwa inanyang'anywa ardhi yake yote na aliyeifunga. Kuna mambo mawili hayaniingii akilini. Timu yangu ilishinda michezo tisa mfululizo mwezi wa pili bila kupata hata kaunti moja, huku timu iliyofungwa mara kumi ikitawala karibu nusu ya nchi. Na mwisho wa msimu bingwa hakumaliza ramani, kulibaki doa la timu ambayo haikufika hata kwenye mashindano ya Machi. Tumekosea hesabu? Binamu naye anasema ramani hii inasaidia kuweka mkeka. Ni kweli?»

Ndugu yangu, hesabu zenu huenda ziko sawa kabisa. Kuna makosa mawili matatu ya kwenye faili ambayo nitakuonyesha chini, maana nami yamewahi kunitia aibu, lakini hivyo vituko viwili vilivyokukera si makosa. Ni tabia ya mchezo wenyewe. Ungeniletea ramani isiyo na timu inayoshinda mikono mitupu, ndipo ningekuuliza umeichoraje.

Tatizo naliona kwenye namna mnavyoisoma. Mnaisoma kama msimamo wa ligi, kwamba ardhi nyingi maana yake ni timu nzuri. Msimamo unajumlisha kila mchezo tangu Novemba. Ramani haijumlishi kitu. Inakumbuka jambo moja tu kuhusu kila kaunti, yaani nani alikuwa wa mwisho kumfunga mwenye nayo. Chuo kilichofungwa mara kumi, kama kumi hizo zilikuja wakati hakina cha kupoteza, kinaweza kumfunga mtawala mmoja tu usiku wa Jumanne na kuamka Jumatano kikiwa na nusu ya Marekani.

Kama umewahi kukaa kwenye baraza la wazee wa bao utaelewa haraka. Kete za bao ni 64, mwanzo wa mchezo na mwisho wa mchezo. Hakuna anayeongeza kete wala anayeitupa nje, zinahama upande tu. Kaunti ni hivyo hivyo. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,100, na hakuna ushindi unaozaa kaunti mpya. Ukimfunga asiye na kitu, unachukua kitu gani?

Sasa weka michezo yote kwenye mafungu matatu. Mwenye ardhi akimfunga mwenye ardhi, ardhi mbili zinakuwa moja na idadi ya watawala inapungua kwa mmoja. Asiye na ardhi akimfunga mwenye nayo, wanabadilishana viti tu, idadi haisogei. Wasio na ardhi wakipigana wenyewe kwa wenyewe, au mwenye ardhi akimfunga asiye nayo, hakuna kinachotokea. Ukiliangalia vizuri, hakuna fungu linaloongeza watawala. Idadi yao inashuka au inasimama, haipandi kamwe. Ikipanda kwenye faili lako hata kwa mmoja, hapo ndipo pana kosa, na huna haja ya kutafuta mahali pengine.

Inashuka kwa kasi gani? Tufanye hesabu ya daftari. Divisheni ya Kwanza ya wanaume ina vyuo zaidi ya 350. Tuchukue 352 ili igawanyike vizuri, tuseme kila mchezo ni kama kurusha shilingi, na timu zinapangiwa wapinzani kwa bahati nasibu. Baada ya kila timu kucheza mara moja, nusu wamenyang'anywa na wanabaki watawala 176. Mzunguko wa pili, uwezekano wa watawala wawili kukutana ni robo tu, kwa hiyo wanapungua 44 na kubaki 132. Wa tatu wanabaki kama 107, wa nne kama 91. Umeona inavyopoa? Watawala wakiwa wachache, hawakutani. Ukiendelea hivyo hadi mizunguko 30, ambayo ndiyo karibu urefu wa msimu, wanabaki kama 20 kati ya 352.

Maana yake ni kwamba mwishoni mwa msimu, kati ya wapinzani kumi na saba au kumi na wanane, mmoja tu ana ardhi. Timu yako kushinda michezo tisa mfululizo bila kumkuta hata mmoja, kwa hesabu hii ya shilingi, kunatokea mara 59 katika kila 100. Yaani ungeshangaa zaidi kama mngepata kitu! Msimu wa kweli si wa bahati nasibu, kwa sababu kuanzia Januari timu zinacheza karibu michezo yote ndani ya konferensi zao, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja, kwa hiyo kuna konferensi ambayo ardhi imejazana na nyingine ni jangwa tupu. Ukizaliwa jangwani, unaweza kushinda hadi uchoke.

Umemtaja Thabeet, basi tukae hapo kidogo, kwa sababu msimu wake wa mwisho pale UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), 2008 hadi 2009, ndio darasa zuri kuliko yote ninayoyajua. Kijana wetu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa nguzo ya timu iliyofika nusu fainali ya taifa, na miezi michache baadaye Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye usajili wa NBA.

Machi 7, 2009, UConn walifungwa na Pittsburgh 70 kwa 60. Kwa hiyo chochote walichokuwa nacho asubuhi ile, jioni kilikuwa cha Pittsburgh. Mchezo wao uliofuata ulikuwa usiku wa Machi 12 pale Madison Square Garden, New York, robo fainali ya konferensi ya Big East dhidi ya Syracuse. Ni ule mchezo wa nyongeza sita. Dakika arobaini za kawaida, halafu dakika tano mara sita, ukamalizika baada ya saa saba usiku kwa Syracuse kushinda 127 kwa 117. Wachezaji walikuwa hawawezi hata kuinua mikono. Wapenzi wa kikapu wanausimulia mpaka leo kama hadithi ya kale.

Na kwenye ramani yako? Sifuri. UConn walikuja mikono mitupu, walishapokonywa siku tano nyuma. Syracuse walitoka jasho kwa karibu saa nne na hawakuongeza hata shamba la mahindi.

Ardhi ya UConn ilikuwa mahali pengine kabisa, na ilikuwa inatembea. Siku hiyo hiyo ya Machi 12, Pittsburgh walifungwa na West Virginia 74 kwa 60, ikahamia kwa West Virginia. Kesho yake Syracuse, wakiwa bado wamekufa miguu, waliwafunga West Virginia 74 kwa 69, tena kwa nyongeza, ikawa ya Syracuse. Kwa hiyo waliipata ardhi ya UConn, lakini si kwa kuwafunga UConn! Machi 14 Louisville wakawafunga Syracuse fainali 76 kwa 66. Machi 29 Michigan State wakawafunga Louisville 64 kwa 52. Aprili 4 Michigan State wakawatoa UConn wenyewe 82 kwa 73, wakachukua na kile ambacho UConn walikuwa wameokota njiani. Aprili 6, pale Detroit, North Carolina wakawafunga Michigan State 89 kwa 72 na kubeba vyote. Wenye nyumba sita wapya ndani ya siku thelathini na moja.

Idadi ya pointi, kama ulivyoona, haina kazi. Kumi na saba au moja ni ile ile. Machi 16, 2018 UMBC, chuo cha Maryland ambacho wengi walikuwa hawajakisikia, kiliifunga Virginia 74 kwa 54. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya wanaume iliyopangwa nafasi ya 16 kuitoa iliyopangwa ya kwanza. Kwenye ramani, milki yote ya Virginia iliingia kwa UMBC, ikakaa siku mbili, halafu Kansas State wakaichukua kwa 50 kwa 43. Hapo ndipo utamu wa ramani hii ulipo kwangu. Inampa mdogo ukubwa wa siku mbili na kuuandika kwa rangi.

Sasa doa lako. Mashindano ya Machi ni ya mtoano na yana timu 68. Anayefungwa anakabidhi ardhi kwa aliyemfunga, naye akifungwa anakabidhi mbele, mpaka anabaki mmoja. Kwa hiyo ardhi yote iliyokuwa mikononi mwa timu hizo 68 siku mashindano yanaanza lazima iishie kwa bingwa. Yote, bila kubaki hata kaunti moja. Hili unaweza kulitumia kama kipimo cha pili cha faili lako. Ila timu nyingine karibu mia tatu haziko ndani ya zile 68, na kama mmoja wao alikuwa na ardhi na mchezo wake wa mwisho aliushinda, hakuna wa kumnyang'anya. Analala nayo mpaka Novemba.

Wengi hudhani jambo hili haliwezekani kwa sababu kila timu ya nje ya Machi lazima iwe imefungwa kwenye mtoano wa konferensi yake. Si kweli. Kwanza kuna mashindano mengine yanayochezwa kando: mwaka ule wa 2009 Penn State walishinda NIT na Oregon State wakashinda CBI, kwa hiyo wote wawili walimaliza msimu kwa ushindi, kila mmoja na kikapu chake cha ardhi kama alikuwa nayo. Pili, si kila konferensi inaruhusu timu zote kwenye mtoano wake. Ivy League, ya kina Harvard na Yale, haikuwa na mtoano kabisa hadi 2017, na hata sasa wanaingia wanne tu kati ya wanane. Wa tano akishinda mchezo wake wa mwisho wa ligi, anaondoka nayo. Tatu, kuna vyuo vilivyopanda daraja karibuni ambavyo haviruhusiwi kwenda Machi. Bellarmine walishinda mtoano wa konferensi ya ASUN mwaka 2022 na bado wakazuiwa kwa sababu hiyo. Na mwaka 2020 mashindano yalifutwa Machi 12 kwa ajili ya korona, kwa hiyo kila aliyekuwa na ardhi siku ile alibaki nayo.

Ufanye nini na doa? Mimi naliacha. Wapo wanaompa bingwa kila kilichobaki ili picha ipendeze, na siwalaumu, lakini nadhani doa moja la chuo kisichojulikana katikati ya rangi ya bingwa linasema ukweli wa msimu kuliko ramani ya rangi moja. Ukiamua kumpa bingwa, andika kanuni hiyo kabla msimu haujaanza. Kubadilisha kanuni mwezi wa nne ndiko kunakowagombanisha mabinamu.

Kuna uamuzi mwingine mkubwa hujauliza, lakini umo ndani ya ramani yako tangu siku ya kwanza: nani anaanza na nini. Ukigawa kwa umbali, vyuo vya magharibi vinazaliwa matajiri. Kaunti ya San Bernardino huko California peke yake ina kilomita za mraba kama 52,000, karibu sawa na Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Alaska haina hata timu moja ya Divisheni ya Kwanza, kwa hiyo inakwenda kwa aliye karibu, na karibu yote inaangukia Seattle. Seattle kuna vyuo viwili vya Divisheni ya Kwanza, University of Washington na Seattle University, ambavyo vimepishana kama kilomita tano. Hizo kilomita tano ndizo zinazoamua nani anazaliwa na eneo linalokaribia Tanzania mbili. Huku mashariki, Philadelphia ni jiji na ni kaunti hapo hapo, na ndani yake kuna Temple, Penn, La Salle na Drexel wanaogombea kipande kimoja. Watatu kati yao lazima waanze msimu bila chochote, au uwakatie kaunti nyingine za jirani.

Njia ya pili ni kupima kwa idadi ya watu badala ya ukubwa. Philadelphia inapanda thamani, Alaska inashuka. Ya tatu ni kuachana na ramani na kumpa kila chuo kiwanja kimoja cha ukubwa sawa. Hiyo ya tatu ndiyo ya haki kuliko zote, na ndiyo inayochosha kuliko zote kuangalia. Mimi nabaki na umbali, pamoja na dhuluma zake, kwa sababu mtu anaiangalia ramani ili aone rangi inavyotambaa. Ila ukiulizwa nani «anaongoza», taja idadi ya kaunti, ukubwa na idadi ya watu, vyote vitatu. Mara nyingi vitataja timu tatu tofauti.

Sasa yale makosa ya faili. Kila kaunti ya Marekani ina namba ya tarakimu tano, na mbili za mwanzo ni za jimbo. Kaunti ya Tolland, nyumbani kwa UConn, ni 09013. Excel ikiona namba hiyo inaila ile sifuri ya mbele na kukuachia 9013, halafu haiitambui tena kwenye ramani. Mara ya kwanza nilipochora ramani ya namna hii niliituma kwa watu kabla ya kuikagua, na majimbo saba yalikuwa meupe kabisa: Alabama, Alaska, Arizona, Arkansas, California, Colorado na Connecticut. Mtu mmoja akaniuliza kama California imejitoa. Weka safu hiyo kama maandishi, si namba, kabla hujabandika chochote.

Connecticut ina mtego wake wa ziada. Kuanzia 2022 ofisi ya sensa ya Marekani iliacha kuzitumia kaunti zake nane na kuweka mikoa tisa ya mipango yenye namba mpya. Ukichukua mipaka ya mwaka mmoja na orodha ya mwaka mwingine, Connecticut inapotea tena, na UConn wanakuwa wakimbizi. Chagua mwaka mmoja na ushikamane nao.

Na tarehe. Nyie mnaangalia kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo mchezo wa Alhamisi saa tatu usiku New York mnauona Ijumaa saa kumi alfajiri. Timu hiyo ikicheza tena Ijumaa saa sita mchana kwao, kwenu ni Ijumaa saa moja jioni. Faili lako litaonyesha timu moja imecheza mara mbili siku moja, na ukipanga vibaya utampa ardhi aliyekwisha kufungwa. Andika tarehe za Marekani tu.

Kuhusu mkeka, nitakuwa mkali kidogo na binamu yako. Ramani haimsaidii chochote, na sababu unayo tayari: Syracuse na UConn walicheza mchezo wa kihistoria ambao ramani haikuuona, na UMBC walitawala kila kilichokuwa cha Virginia siku mbili bila kuwa timu bora. Ukubwa wa rangi hauelezi majeruhi, ugenini, uchovu wala kocha. Anayeweka fedha kwa kufuata rangi anarusha shilingi na kulipia shilingi hiyo. Na kama ameanza kukopa ili aweke, au anakesha mpaka alfajiri kila siku na kuwaficha watu wa nyumbani, hapo usimpelekee hesabu zangu. Kaa naye uso kwa uso, na mtafute mshauri wa kumwona ana kwa ana, kwa sababu hilo halitibiwi kwa maandishi.

Kwa ramani yenyewe, ukishakagua sifuri, Connecticut na tarehe na bado watawala wanaongezeka badala ya kupungua, mtafute mtu anayefanya kazi na GIS, yaani ramani za kompyuta, mkae naye saa mbili mbele ya skrini moja. Kama uko Dar es Salaam, pale Chuo Kikuu Ardhi wapo wanaosomea mambo haya kila siku, na programu kama QGIS haina malipo. Kosa la namna hii mtu mwingine analiona kwa dakika kumi, wewe unaliangalia wiki nzima hulioni.

Kabla ya hapo, jaribu kwa kalamu. Chukua kaunti moja tu, Tolland, na msimu mmoja tu, ule wa Thabeet. Ilianza ikiwa ya UConn, ikaondoka Desemba 29, 2008 Georgetown walipowafunga. Ifuate kutoka hapo mchezo kwa mchezo mpaka Aprili, na usishangae ukiikuta Februari 2 imerudi nyumbani kupitia Louisville, kwa wiki mbili tu.